Baba Mluguru, mama Mchagga: kila upande unasema mimi ni wa upande wa pili. Kabila la mtu wa mchanganyiko linaamuliwa na nini?

#1 BintiMilimaMiwili
Habari zenu wakuu. Naingia kwenye mada moja kwa moja.

Baba yangu Mluguru wa Mgeta, mama Mchagga wa Kibosho. Walikutana JKT, wakapangiwa kazi Morogoro mjini, tukazaliwa hapo, tukakulia hapo, nyumbani ni Kiswahili tu. Utotoni sikuona shida yoyote. Desemba tunapanda basi na sisi kama Wachagga wengine, mwezi wa sita tunapelekwa Mgeta kwa bibi tunakula njegere mbichi shambani mpaka tumbo linauma. Kote tulipendwa, siwezi kusema uongo.

Sasa kaka yangu anataka kuoa. Binti ni Mnyiramba, kwao wametaka wazee wa ukoo waje wakae chini wazungumze. Baba alishafariki. Tukapanda Mgeta kwa baba zetu wadogo, wakatupokea vizuri, wakatuchinjia kuku, halafu wakasema hili jambo si letu, sisi mtoto ni wa ukoo wa mama yake, nendeni kwa wajomba zenu. Haya, tukampigia mjomba Kibosho. Naye akashangaa: nyie si mna kwenu? Mtoto ni wa baba. Mimi nitakuja kama mjomba, nitakaa pembeni ninywe soda yangu, ila siwezi kusimama kama mzee wa ukoo wakati jina mnalotumia si langu.

Kwahiyo kwa akina baba sisi ni Wachagga na kwa akina mama sisi ni Waluguru. Kama kuna wengine yaliwakuta waje hapa. Na nataka kujua mtu wa mchanganyiko kabila lake linaamuliwa na nini hasa. Naomba msiniletee "sote ni Watanzania", hilo nalijua, halitoi mahari.

#2 MzeeWaKijiwe
"Halitoi mahari" 😂😂 nakaa siti ya mbele hapa, kahawa yangu iko mkononi.

#3 KamandaRombo
Mtoto ni wa baba, nukta. Sheria ya nchi yenyewe inasema hivyo. Hao Waluguru wanakwepa gharama tu, usiwaonee aibu, rudi tena na wazee wa mtaa muwabane.

#4 MtotoWaKinole
Kamanda punguza munkari, unaongelea usichokijua.

Mleta mada, mimi ni Mluguru pande zote mbili ngoja nikueleze. Kule milimani ukoo (tunaita lukolo) unapita kwa mama. Ardhi ya ukoo inafuata huko huko. Hata kiti cha Kingalu (chifu wetu) pale Kinole kinaenda kwa mpwa, hakiendi kwa mtoto wa kuzaa. Kwahiyo baba yako mdogo kwa mila ana watu wake wa kuwasimamia ambao ni watoto wa dada zake, yaani shangazi zako. Akisimama kwenye posa ya kaka yako kama mzee wa ukoo atakuwa amejiingiza kwenye ukoo wa watu, na kesho wapwa zake watamuuliza mbona yetu hukuja. Hajawakataa. Kuku kachinja, kapendeza, ila kiti hicho si chake. Yeye yuko sahihi kimila na mjomba wako wa Kibosho naye yuko sahihi kimila, ndo maana mmebaki katikati.

Ingekuwa mama Mluguru baba Mchagga mngegombaniwa.

#5 DaboDabo
Mkuu MtotoWaKinole hapo mwisho umenitaja bila kunijua. Mimi ndo huyo, baba wa Rombo mama wa Matombo. Kugombaniwa unakosema wewe kuna maana moja tu, michango inakuja mara mbili. Msiba Rombo natakiwa kwa sababu mimi ni mtoto wa ukoo. Msiba Matombo natakiwa kwa sababu mimi ni mtoto wa ukoo. Kipaimara, sendofu, harusi, ujenzi wa kaburi, choo cha bibi, yote namba yangu ipo kwenye magrupu yote na hakuna mahali nahesabiwa kama mgeni nipewe soda kwanza. Dada BintiMilimaMiwili wewe ungekaa kimya ufurahie, kuna watu tunaomba tukataliwe hata na upande mmoja.

#6 MzeeWaKijiwe
Huyu apewe pole ya pamoja na chenji 😂

#7 WakiliMtaani
Narekebisha #3 kabla haijaenea. Sheria haisemi hivyo kijumla. Kuna tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 (Tangazo la Serikali namba 279), hilo ndo linaloweka mtoto upande wa baba, lakini liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Waluguru, Wakaguru, Wazigua, Wayao, Wamakonde, Wamwera na wengine wanaofuata mama hawakuwekwa humo. Baadaye ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971, na huko mahakama ikiamua mtoto akae na nani inaangalia maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka 7 inachukuliwa kwanza kwamba bora awe na mama mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Hakuna kifungu kinachomwambia mtu kabila lake.

#8 KamandaRombo
Wakili umeongea kiofisi, mimi nimeongea kijijini. Huko Kibosho ukienda na namba ya tangazo la serikali watakuuliza unakunywa mbege au soda.

#9 Nyamongo_One
Wote mmeruka jambo la msingi. Kwetu Ukuryani hatuulizi baba nani wala mama nani, tunauliza ng'ombe wametoka zizi la nani. Ng'ombe wakishatoka, watoto wote watakaozaliwa ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Ndo maana tuna nyumba ntobhu, mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe anaoa binti, binti anazaa, na watoto ni wa yule mama aliyetoa ng'ombe. Aliyempa binti mimba hana chake, hata kama mtoto anafanana naye mpaka masikio.

Kwahiyo swali langu kwa mleta mada ni moja. Baba yako alitoa mahari Kibosho? Alimaliza?

#10 MamaNaniliu
Swali zuri sana hilo #9. Nasubiri jibu.

#11 Tukuyu_Mwanza
Mi naona mnazunguka bure, kabila ni lugha. Baba yangu Msukuma wa Magu, mama Mnyakyusa, tumekulia Tukuyu kwa bibi mzaa mama. Nina jina la Kisukuma ambalo nikilitaja tu mtu anaanza kuniongelesha Kisukuma na mimi namkodolea macho, ila ukinitukana kwa Kinyakyusa nakujibu kabla hujafunga mdomo. Nikienda Magu wananiita mgeni wetu kwa upendo kabisa, wananipa kiti. Nikiwa Tukuyu hakuna anayenipa kiti, natumwa dukani. Hapo ndo nikajua kwetu ni wapi.

#12 Kiziwanda
@Tukuyu_Mwanza mbona wapo Wachagga kibao waliozaliwa Dar hawajui hata kusalimia na kihamba (shamba la ukoo) wanarithi? Mimi kwa mfano, kitinda mimba wa kiume, nyumba ya baba ni yangu kimila, na Kichagga changu kinaishia kwenye kuagiza mbege. Na hao Wachagga wenyewe mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakikaa meza moja inabidi waongee Kiswahili. Lugha haitoshi mkuu.

#13 KamandaRombo
Kirombo ndo Kichagga halisi, hicho kingine ni kelele.

#14 Swai_mtoto_wa_Machame
Ameanza. Modi mwondoeni huyu.

#15 Msomaji_wa_Zamani
Ngoja niwachokoze kidogo. Mnaongelea "Mchagga" kama vile ameshushwa na mvua. Karne ya 19 machifu Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walikuwa wanapigana vita kwelikweli, mtu wa Kibosho hakuwa na habari kwamba yeye na wa Moshi ni kabila moja. Mangi Mkuu (chifu mkuu) wa Wachagga wote alikuja kuchaguliwa miaka ya 1950 mwanzoni, Thomas Marealle, na kufika 1963 serikali ilikuwa imeshafuta utawala wa machifu. Hesabu mwenyewe hicho kiti kilidumu muda gani. Uluguru nako Mwingereza alipokuja na utawala wake wa kupitia machifu miaka ya 1920 alitaka kila mlima uwe na mkubwa mmoja wa kuongea naye, wakati watu walikuwa na koo zao nyingi kila moja na mzee wake na ardhi yake. Chuki zikajaa mpaka 1955 wakaandamana kwa ajili ya matuta ya kulazimishwa. Kwahiyo dada, unataka kuingia kwenye boksi ambalo bibi wa bibi yako hakulijua. Yeye alijua ukoo wake na mlima wake basi.

#16 MtotoWaKinole
Historia nzuri mkuu ila unamsaidiaje? Wanyiramba wanataka wazee wafike. Aende na Mwingereza?

#17 MzeeWaKijiwe
😂😂😂 nimemwaga kahawa

#18 BintiMilimaMiwili
Nimerudi wakuu, asanteni nasoma zote. Nyamongo_One swali lako limefukua kaburi. Jana nimemuuliza mama kiutani tu, mama eti baba alimaliza mahari? Akanyamaza. Nikajua kuna kitu. Akasema mbege zilipelekwa, blanketi la bibi lilipelekwa, ng'ombe alibadilishwa kuwa hela ikatolewa. Ila mbuzi wa mjomba hakufika. Ilikuwa miaka ya themanini mambo magumu, baba akaahidi atampeleka, maisha yakaenda, mjomba mkubwa akafa, huyu aliyebaki ndo yule aliyesema atakunywa soda pembeni.

Sasa mama anasema yeye hadhani ni sababu ya mbuzi. Mimi nikikumbuka alivyoongea kwenye simu sijui.

#19 Nyamongo_One
NILISEMA! Mbuzi hajafika, watoto hawajatoka Kibosho. Nyie ni Wachagga mpaka kesho. Asiwazungushe huyo mjomba.

#20 Kiziwanda
Umegeuza mkuu. Kama angekuwa anawadai mbuzi na anataka kuwashika angesema nyie ni wangu mpaka deni liishe. Yeye amesema nendeni kwenu. Hiyo maana yake anakubali ndoa ilikamilika. Au?

#21 Nyamongo_One
Au anasema nendeni kwenu mkalete mbuzi. Wazee hawasemi moja kwa moja.

#22 WakiliMtaani
Kwa faida ya wasomaji, Sheria ya Ndoa inasema wazi ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa au haikuisha. Mbuzi si sharti la mtu kuwa mtoto wa baba yake.

#23 MamaNaniliu
Wakili na wewe umeoa wapi? Nauliza tu. Mbuzi wa mjomba ulitoa?

#24 WakiliMtaani
Nilitoa wawili. Sikutaka maneno.

#25 MzeeWaKijiwe
Sheria ya Ndoa 1971 ikae pembeni inywe soda na yenyewe 😂

#26 NakuruBoy
Niaje wadau wa TZ. Nyinyi mko na raha bana, mnabishana mbuzi. Huku kwetu Kenya hii stori iko na uzito mwingine. Babangu Mjaluo, mamangu Mkikuyu, nimezaliwa Nakuru na Kikuyu ndo naongea poa kuliko Dholuo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walikuwa wanasimamishwa njiani wanaulizwa jina. Jina langu la mwisho linaanza na O. Kwa hawa ulimi wangu uliniokoa, kwa wale jina lingeniokoa, lakini inabidi ujue mapema ni akina nani wamesimama hapo mbele, na huwezi jua. Mama alituambia tusitoke kabisa mpaka iishe. Hakuna mtu aliniuliza ng'ombe zilitoka zizi gani.

Na kuhusu mtu ni wa nani, waulizeni wakubwa wenu kesi ya S.M. Otieno. Wakili Mjaluo, mkewe Wambui ni Mkikuyu, jamaa akafa Desemba 1986, mke anataka kumzika kwake Upper Matasia huko Ngong, ukoo wa Umira Kager unasema Mjaluo anazikwa kwao. Maiti ikakaa miezi mortuari, nchi nzima inafuatilia kwa gazeti. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Wambui hakuenda mazishi. Kwa hiyo kwetu ukitaka kujua kabila lako ngoja ufe.

#27 Tukuyu_Mwanza
Duh. Pole ndugu yangu.

#28 BintiMilimaMiwili
Pole sana kaka NakuruBoy. Na asante kwa kuandika.

#29 Kitambulisho
Ila hata huku tunajidanganya hatuna kabila. Sensa ya 2012 si waliuliza kabila? Mimi niliandikwa Mgogo kwa sababu karani alinikuta Dodoma wakati mimi baba Mhaya.

#30 Msomaji_wa_Zamani
Hapana mkuu, sensa ya 2012 haikuuliza kabila, ya 2022 pia haikuuliza. Ya mwisho kuuliza ilikuwa 1967, baada ya hapo swali likaondolewa. Labda unachanganya na fomu nyingine. Polisi ukitoa maelezo ndo unaulizwa jina, umri, kabila, dini.

#31 Kitambulisho
Basi ilikuwa polisi. Tuyaache hayo.

#32 MzeeWaKijiwe
Tuyaache?? Hapana, hapa hatutoki mpaka tujue ulikwenda polisi kufanya nini 😂

#33 Buyenzi_Kwetu
Salamu toka Bujumbura. Nimesoma habari ya ndugu wa Nakuru nikaona niandike. Mimi baba Muhutu mama Mututsi. Huku kwetu kimila mtoto anafuata baba, hakuna nusu, ingawa mtaani wanatuita Hutsi na kucheka. Vita vya 1993 vilipoanza mitaa ya Bujumbura ikagawanyika, Kamenge ikawa ya hawa, Ngagara ikawa ya wale. Sisi tulikuwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kuna Waislamu wengi, Wakongomani, watu wa kila aina, na mtaa ule ulibaki umechanganyika. Kwa hiyo mimi nikiulizwa kabila nasema Buyenzi.

Baada ya makubaliano ya Arusha mwaka 2000 nchi ikaweka mgao, bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, jeshini nusu kwa nusu. Ilisaidia kutuliza, sikatai. Lakini ule mgao una milango miwili na wewe lazima upite mmoja. Binamu yangu aliingia kwa mlango wa baba, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja watu wanasema anafanana na mama, anaulizwa kila siku kama hajakosea mlango.

#34 Swai_mtoto_wa_Machame
Hii ya ndugu wawili tumbo moja imenikaa.

#35 Shangani_Mkongwe
Assalaam alaykum. Hayo ya mgao kwetu Unguja yana historia. Wakati wa vita ya pili ya dunia mgao wa chakula uligawiwa kwa kabila, Mwarabu na Mhindi fungu lao, Mwafrika fungu lake. Sasa kama bibi yako mmoja Mngazija, babu Mshihiri, bibi mwengine Mmanyema, wewe ungejiandikisha nini? Sensa za mkoloni ukizifuata utakuta watu wanahama kabila bila ya kuhama nyumba, huyu aliyekuwa Mswahili mwaka 1924 kufika 1948 ni Mshirazi. Wala hawakuwa waongo, maana katika wale wazee wanne wa mtu ulikuwa hukosi mmoja wa kushikilia.

Mwanangu BintiMilimaMiwili, mimi naona hao wazee wako wa pande zote mbili hawabishani juu ya damu. Damu wanaikubali. Wanachokimbia ni kusimama mbele ya watu na kusema "huyu ni wangu, akiharibu mtanidai mimi". Mtu anayekuja posa anabeba dhamana. Kijana akimpiga mke, akimtelekeza, Wanyiramba watamrudia yule mzee. Hilo ndilo wanaloliogopa, mbuzi ni kisingizio na ukoo ni kisingizio.

#36 MtotoWaKinole
Mzee wangu Shangani nakuheshimu ila hapana. Ukoo si kisingizio. Ungekuwa kisingizio baba mdogo angewasimamia wapwa zake kwa shida, wakati najua hao wanauza mpaka shamba kwa ajili ya mpwa. Wazee wa kwetu hawakimbii dhamana, wanajua tu dhamana ipi ni yao.

#37 Shangani_Mkongwe
Sawa mwanangu, wewe unawajua wakwenu. Lakini niambie, kijana angekuwa mbunge wangekosa wa kusimama?

#38 MtotoWaKinole
Angekuwa mbunge hata mimi ningesimama 😂

#39 MzeeWaKijiwe
Hata KamandaRombo angesimama na angesema ni Mrombo.

#40 KamandaRombo
Ningeleta na mbuzi.

#41 Mngoni_wa_Iringa
Naomba kuwapunguzia huzuni. Baba yangu Mngoni wa Songea, mama Mhehe wa Kalenga. Hawa walipigana vita karne ya 19 na wakabaki watani mpaka leo, sasa fikiria kukulia kwenye nyumba ambayo utani wa makabila ni ndoa. Baba akichelewa kurudi mama anasema mmezoea kukimbia kutoka kusini. Baba akikuta nyama imepungua anauliza mbwa wa jirani yuko salama? Kila siku. Kila mlo. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunagawanyika, mimi na dada yangu Wahehe, kaka zangu Wangoni, halafu ikifika wakati wa ada tunaungana wote.

Ila ilipofika msiba wa baba ndo nikaona faida. Watani wa kutoka Iringa ambao ni wajomba zangu wenyewe walikuja wakalala mbele ya jeneza wakasema haliondoki mpaka walipwe, na mimi niko katikati sijui nilie au nicheke, natakiwa nilipe na natakiwa nilipwe. Nilimpa mjomba hela kwa mkono wa kulia. Akanirudishia nusu, akasema hiyo ni ya upande wako wa Uheheni.

#42 Kiziwanda
Hii bora kuliko uzi wote aisee.

#43 MamaNaniliu
Mimi nimelea watoto wa mchanganyiko (baba yao Mpare, mimi Mmwera wa Nachingwea) naomba niongee kama mzazi maana hapa mnaongea watoto tu. Sisi wazazi ndo tuliofanya haya na hatukuwaandaa. Enzi zetu shule za sekondari unapangiwa mkoa wa mbali kwa makusudi, JKT mnachanganywa kambi moja, kazi serikali inakupeleka Kigoma au Lindi bila kuuliza. Tulipendana huko huko, tukaona ya makabila yameisha. Hakuna aliyekaa na mwenzake akauliza watoto wetu watasimamiwa na nani. Wakati mwingine tulificha makusudi. Mume wangu hakupenda watoto wapelekwe kwetu wakati wa unyago, mimi sikupenda wapelekwe Same wakaambiwa mama yenu hatujui anatoka wapi. Tukakubaliana wakae Dar, na Dar haikuwapa mzee wa kuwasindikiza popote. Binti yangu mkubwa aliolewa, mzee aliyesimama alikuwa jirani yetu Mzaramo. Alifanya kazi nzuri kuliko ndugu, akavaa na kanzu yake, akanywa kahawa na wakwe mpaka jioni. Mpaka leo mkwe wangu akikosea anapigiwa simu yeye.

#44 BintiMilimaMiwili
Mama naomba nikuulize, na upande wa mkwe hawakuhoji kwa nini jirani?

#45 MamaNaniliu
Walihoji mwanangu. Akawajibu mwenyewe, "Mimi ndiye niliyemfukuza kwenye mwembe wangu tangu ana miaka saba, nyie mnataka nani tena?" Wakacheka, yakaisha.

#46 KamandaRombo
Ila jirani ni jirani. Siku ya kugawa mali huyo Mzaramo hatakuwepo. Mimi nasimamia ukoo.

#47 DaboDabo
Kamanda siku ya kugawa mali ndugu wote huwa wapo, hata waliokunywa soda pembeni. Ni kwenye michango ndo mtandao unakata.

#48 Nyamongo_One
Turudi kwenye mbuzi. Dada utampeleka au hupeleki?

#49 BintiMilimaMiwili
Kaka amesema Jumamosi anapanda Kibosho na mbuzi. Mama hataki, anasema itaonekana baba aliishi na deni miaka yote na yeye alijua. Mimi niko katikati. Na baba mdogo wa Mgeta kasikia (sijui nani kamwambia) amepiga simu amekasirika, anasema kwa nini tunalipia Kibosho mambo ya kaka yake bila kumshirikisha, kama ni mbuzi atatoa yeye. Nikamwambia baba mdogo si ulisema sisi si wenu? Akasema hakusema si wetu, alisema si wa ukoo.

#50 MtotoWaKinole
Hapo sasa. Umeona? Mmwelewe mzee.

#51 Msomaji_wa_Zamani
Hapo ndo sielewi mimi.

#52 Kiziwanda
Mbuzi wa Morogoro apelekwe Kibosho? Watamkataa, watasema hana mafuta. Nunueni soko la huko huko.

#53 KamandaRombo
Waje Rombo niwape wa bei nzuri. Usafiri juu yao.

#54 Swai_mtoto_wa_Machame
Usinunue kwa Mrombo dada, utauziwa mbuzi na utaambiwa kamba ni bei yake.

#55 Mmakua_Masasi
Wakuu nimechelewa, nimesoma yote. Na mimi naomba kuuliza, mimi Mmakua, mke wangu Mmakonde wa Newala, tuna watoto watatu. Wote wawili kwetu tunafuata mama. Hao watoto nina haki gani nao?

#56 MtotoWaKinole
Haki ya kulipa ada.

#57 DaboDabo
Karibu kwenye grupu.